Amri Iliyofichwa: Je, Ni Haki Kumfichia Mtu kwa Faida Yake?

Katika insha hii nataka kujadili swali ambalo halikunijia darasani wala kitabuni, bali mbele ya kompyuta. Swali lenyewe ni hili: mwenye ujuzi akimwondolea asiye na ujuzi jambo fulani, ili asije akaharibu au akajiumiza nalo, je, amemtendea wema au amemdhulumu? Nitaanza kwa kueleza yaliyotokea, kwa sababu mimi ndiye niliyeficha, na aliyefichiwa ni mwenzangu.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda. Pamoja na masomo ya lugha, nilijifunza mwenyewe kazi ya kutengeneza tovuti, na kwa sababu hiyo chama chetu cha wanafunzi kilinikabidhi kompyuta nne na tovuti yetu ndogo, ambayo tuliandikia hadithi, mashairi na matangazo. Tulitumia programu iitwayo Dreamweaver, toleo la zamani. Programu hii ilitolewa kwanza na kampuni ya Macromedia mwaka 1997, na mwaka 2005 kampuni hiyo ikanunuliwa na Adobe. Ilipendwa kwa kuwa mtu aliweza kuuona ukurasa kama utakavyoonekana kwa wasomaji, na papo hapo akaona msimbo ulioujenga.

Jambo ambalo wengi wanaoitumia hawalijui ni kwamba menyu zake zinaweza kubadilishwa. Zimeandikwa katika faili la maandishi liitwalo menus.xml, lililomo ndani ya folda ya mipangilio. Kila amri ina mstari wake humo. Mstari huo unataja jina litakaloonekana kwa mtumiaji, kitambulisho kisichoonekana ambacho hakifai kuguswa, vitufe vya njia ya mkato, na kazi itakayofanywa. Ukiuhamisha mstari, amri inahamia menyu nyingine. Ukibadilisha jina, mtumiaji ataona jina jipya. Ukiufunga mstari kati ya alama zinazoiambia mashine isiusome, amri inatoweka, na njia yake ya mkato inatoweka nayo, maana zimeandikwa pamoja. Unaifunga programu, unaifungua tena, na kazi imekwisha. Mwenye busara huweka kwanza nakala ya faili la asili, kwa kuwa kosa dogo linaweza kuvuruga menyu zote.

Nilifika kwenye faili hilo kwa sababu ya msiba mdogo. Mwenzetu mmoja, akiwa na nia njema, alitumia amri ya kusawazisha tovuti. Amri hiyo hulinganisha mafaili ya kompyuta na yale ya seva, na ina chaguo la kufuta kwenye seva kila faili ambalo halipo kwenye kompyuta. Kompyuta yake ilikuwa na sehemu tu ya kurasa zetu. Aliweka alama kwenye chaguo hilo, akabonyeza, na kurasa nyingi zikafutika. Ilitubidi kuziandika upya nyingine kutoka kwenye karatasi. Mwenzetu huyo hakurudi tena katika chumba cha kompyuta kwa aibu.

Basi nikasema moyoni, halitatokea tena. Jioni moja nilifungua menus.xml na kuficha kila amri niliyoiona kuwa ya hatari. Niliondoa kusawazisha. Niliondoa amri ya kubadilisha kiungo katika tovuti nzima, kwa sababu inagusa kurasa nyingi kwa mara moja. Niliondoa hata kutafuta na kubadilisha maneno, kwa kuwa ikitumiwa kwa tovuti nzima, kurasa ambazo hazikuwa wazi haziwezi kurudishwa kwa amri ya kutendua. Kwa kawaida programu hii humwekea kila mtumiaji mipangilio yake, lakini sisi sote tulikuwa tukiingia kwenye kompyuta kwa jina moja. Kwa hiyo nililobadilisha mimi katika kila kompyuta lilibadilika kwa wote. Sikumwambia mtu. Menyu zikawa fupi na safi. Waliokuja baadaye walisema kwamba programu hiyo ni rahisi kuliko walivyodhani, na mimi nikafurahi.

Ikapita miezi miwili. Alijiunga nasi dada mmoja aliyetoka Arua, ambaye Kiswahili chake alikipata sokoni kabla ya kukipata darasani, na alikuwa akikizungumza kwa ufasaha kuliko wengi wetu. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ngeni kwake. Chama kilipobadilisha anwani ya barua pepe, alipewa kazi ya kuibadilisha kwenye tovuti. Kila ukurasa ulikuwa na neno "Tuandikie" lililounganishwa na anwani ya zamani, na kurasa zilikuwa zimefika 87. Alikaa jioni tatu, akifungua ukurasa mmoja, akibadilisha kiungo, akihifadhi, kisha anafungua mwingine. Jioni ya tatu nilimkuta akiwa bado kwenye kazi hiyo, macho mekundu.

"Kaka," aliniambia, "naona kazi hii si yangu. Wenzangu wote wanasema programu hii ni rahisi. Mimi nimetafuta kila menyu njia ya kufanya mara moja, sikuona. Bila shaka ipo, ila akili yangu haifiki."

Nilinyamaza. Njia ilikuwepo. Ingemchukua dakika mbili. Ilikuwa katika menyu aliyoifungua na kuisoma mara nyingi, na mimi ndiye niliyeiondoa. Nilipomweleza, hakukasirika kama nilivyotegemea. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema maneno ambayo ndiyo chanzo cha insha hii: "Kazi haikunichosha sana. Kilichonichosha ni kujiona mjinga."

Sasa nije kwenye hoja. Ninajua kwamba ninaweza kutetewa, na ni haki kuanza na utetezi huo. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mzazi hufungia dawa kabatini, na hakuna anayemwita dhalimu. Mwalimu wa darasa la kwanza haanzi na hesabu za sehemu. Dereva anayeanza kujifunza hapelekwi barabara kuu siku ya kwanza. Katika mambo haya yote, mwenye ujuzi anapunguza uwanja wa asiye na ujuzi, naye anapunguza kwa upendo. Tena, tovuti haikuwa mali ya mtu mmoja. Aliyekosea hakujiumiza peke yake, alifuta kazi za wengine. Kama nilikuwa mlinzi wa mali ya wote, je, sikuwa na haki ya kufunga mlango?

Hoja hii ina nguvu, na sehemu yake ninaikubali mpaka leo. Mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, anatoa mfano wa daraja bovu. Mtu akitaka kulivuka hali hajui kwamba ni bovu, na hakuna nafasi ya kumwonya, unaweza kumshika na kumrudisha, wala hujauvunja uhuru wake, kwa sababu hakutaka kuanguka mtoni. Lakini kama nafasi ya kumwonya ipo, na kuanguka si jambo la hakika bali ni hatari tu, basi mwonye, kisha umwache aamue mwenyewe. Kuhusu yale yanayowadhuru wengine, Mill anakubali kwamba mtu anaweza kuzuiwa. Kwa kipimo hiki, kuzuia amri ya kusawazisha kulikuwa na sababu nzuri. Ila nilikuwa na nafasi ya kuonya. Nilikuwa na miezi miwili yote. Sikuonya.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Kufunga mlango ni tofauti na kuuziba mlango kwa matofali, kupiga lipu na kupaka rangi mpaka ukuta uonekane mzima. Mlango uliofungwa unasema: huku kuna chumba, lakini huna ufunguo. Unaweza kubisha hodi, unaweza kuomba ufunguo, unaweza hata kulalamika kwamba umenyimwa. Ukuta uliopakwa rangi hausemi lolote. Anayeutazama hajui kwamba amenyimwa, na asiyejua kwamba amenyimwa hawezi kuomba.

Watu husema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa nikiwaambia wenzangu maneno hayo kila siku. Nilidhani yananiondolea lawama: kama kuna jambo hulijui, si ungeniuliza? Lakini ili mtu aulize, lazima awe na fununu kwamba kuna kitu cha kuulizia. Mashaka haya ni ya zamani. Katika maandishi ya Plato, kijana aitwaye Meno anamuuliza Socrates jinsi mtu anavyoweza kutafuta kitu asichokijua kabisa, na hata akikikuta, atajuaje kwamba ndicho. Dada yetu alikuwa na fununu, na ndiyo maana alitafuta. Lakini alipotafuta mahali sahihi na kukuta patupu, hakusema "kuna aliyeondoa." Alisema "mimi ndiye nisiyeona." Hilo ndilo dhara la kuficha kimya kimya. Mtu ananyimwa njia, na juu ya hayo anabebeshwa lawama ya kukosa njia.

Ninafikiri neno lenyewe "menyu" lilinidanganya. Nje ya lango la chuo kuna kibanda cha chakula ambapo mama mwenyewe huandika kwa chaki vyakula vya siku. Kama matoke hayakuandikwa, unamuuliza, "Mama, leo hakuna matoke?" Naye atakujibu kwamba yameisha, au yanaiva, au lori halikufika. Orodha yake ina mtu nyuma yake, na mtu huyo ana mdomo. Menyu ya kompyuta inaonekana kama haina mtu. Tunadhani imetokea hivyo tu, kama mvua. Kumbe kila mstari uliomo kuna aliyeuweka, na kila mstari usiokuwemo huenda kuna aliyeuondoa. Tunaziita "amri" kana kwamba sisi watumiaji ndio tunaoamuru. Ni kweli tunaiamuru mashine, lakini aliyepanga orodha ametangulia kuamua ni mambo gani tunaweza kuyaamuru.

Mtu anaweza kuniuliza: je, unataka kila kitu kionyeshwe kwa kila mtu? Hapana. Menyu ndefu nayo inaficha. Ukimpa mgeni amri mia mbili kwa pamoja, hataiona hata moja. Waundaji wa programu wamehangaika na jambo hili muda mrefu. Katika Office 2000, Microsoft ilileta menyu fupi zilizoonyesha amri zinazotumiwa mara nyingi tu. Nyingine zilifichwa, na chini ya menyu kukawa na alama ya mishale miwili ya kuzifunua. Nia ilikuwa njema, lakini amri zilionekana leo na kesho hazipo, kulingana na mashine ilivyokisia, na mtu akashindwa kukumbuka mahali pa kitu. Katika Office 2007, Word na Excel ziliachana na menyu hizo, zikaletewa utepe. Lakini tuwe waadilifu: hata menyu zile zilikuwa na mishale miwili. Zilikiri kwamba kuna zaidi. Menyu zangu hazikukiri chochote.

Kwa kweli kompyuta yenyewe ilikuwa na adabu kuliko mimi. Katika menyu yoyote utakuta amri ambazo kwa wakati fulani haziwezi kutumika. Hujanakili kitu, basi amri ya kubandika haifanyi kazi. Lakini haiondolewi. Inaandikwa kwa wino uliofifia. Wino huo uliofifia ni aina ya maneno ya kweli. Unasema: nipo, ila si sasa. Anayeusoma anajifunza mambo mawili kwa pamoja, kwamba jambo hilo linawezekana, na kwamba kuna sharti halijatimia. Katika menus.xml, mstari wa amri unaweza kubeba sifa inayoamua kama amri iwe hai au ififie. Kwa hiyo ningeweza kuzifanya amri zile zififie badala ya kuzifuta machoni pa watu. Kazi ni ileile, dakika ni zilezile. Nilichagua kufuta kwa sababu menyu fupi ilipendeza, na, niseme ukweli wote, kwa sababu amri iliyofifia ingewafanya watu waniulize "kwa nini?" nami sikutaka kuulizwa.

Nadhani hiki ndicho kipimo kizuri cha nia ya mtu anayemfichia mwenzake kwa faida yake. Ajiulize: je, niko tayari ajue kwamba nimemfichia? Mzazi aliyefungia dawa yuko tayari. Atamwambia mtoto waziwazi, "Kabati hili usiliguse, ukiwa mkubwa utaelewa." Mwalimu wa darasa la kwanza yuko tayari kusema kwamba hesabu za sehemu zinakuja mwaka fulani. Mwalimu wa udereva hamwambii mwanafunzi kwamba barabara kuu haipo. Wote hawa wanapunguza uwanja, lakini hawasemi uongo juu ya ukubwa wa dunia. Mimi nilipunguza uwanja, kisha nikauchora ukuta wa uwanja kama upeo wa macho.

Kuna pingamizi moja zaidi, nalo lilitoka kwa rafiki yangu anayesoma sheria. Alisema kwamba ninakuza jambo dogo: ni menyu tu, hakuna aliyekufa, dada alipoteza jioni tatu na zimepita. Ninakubali kwamba jambo ni dogo. Lakini tabia haikuanza na menyu. Nimewahi kukaa ofisini kuomba huduma nikaambiwa "haiwezekani," na baadaye nikagundua kwamba iliwezekana, ila fomu yake iliwekwa chini ya meza. Nimeona wanafunzi wa vijijini wasioambiwa kwamba ufadhili wa masomo upo, kwa sababu mtu mmoja aliamua kwamba hawataufikia. Nilipokuwa upande wa kufichiwa, niliuita ufisadi. Nilipopewa faili moja la kompyuta na uwezo wa kulihariri, nilifanya vilevile, na nikauita msaada. Jambo dogo lilinionyesha kwamba tofauti kati yangu na yule wa chini ya meza ni ukubwa wa meza.

Basi nilifanya nini? Kwanza nilimwomba dada msamaha, nikamwonyesha faili lenyewe, mstari kwa mstari, ili aone kwa macho yake kwamba akili yake ilifika ila njia ilikuwa imekatwa. Pili, nilirudisha amri ya kubadilisha kiungo na ile ya kutafuta na kubadilisha. Kusawazisha sikukurudisha kama kulivyokuwa. Niliiacha amri hiyo kwenye menyu ikiwa imefifia, na juu ya meza ya kompyuta nikabandika karatasi ya Kiswahili inayoeleza amri ile inafanya nini, kwa nini imezuiwa, na kwamba yeyote atakayekaa nami nusu saa na kuweka nakala ya tovuti atafunguliwa. Tatu, nilimtafuta yule mwenzetu wa kwanza aliyefuta kurasa, nikamwambia kwamba kosa halikuwa lake peke yake, kwa kuwa sisi tulimpa amri nzito bila kumwonya. Yeye naye alikuwa amejiita mjinga kwa miezi yote ile. Amewahi kuja mara mbili tangu siku hiyo.

Kwa jibu la swali langu, ninasema hivi. Kumzuia mtu kwa faida yake, au kwa faida ya wengine anaoweza kuwadhuru, kunaweza kuwa haki, mradi kuna sababu anayoweza kuelezwa na sharti anaoweza kulitimiza. Lakini kumfichia kwamba amezuiwa si haki, hata kama sababu ni nzuri, kwa maana kunamwondolea uwezo wa kuuliza, na kunamwachia hukumu ya uongo juu ya nafsi yake. Kizuizi kinachoonekana kinamheshimu mtu kama mwenye akili ambaye bado hajafika. Kizuizi kisichoonekana kimeshaamua kwamba hatafika.

Watu wengine wanne wameshakaa nami nusu saa ile. Wa kwanza alikuwa yule dada wa Arua. Alipomaliza aliniuliza kama kuna amri nyingine yoyote niliyoondoa na ambayo hajaiona. Nilimjibu kwamba hakuna. Kisha akaomba tufungue faili, ili ahakikishe mwenyewe. Tukalifungua.